Barcelona kwa goti la Dada

Chumba tulichopanga katika mji mkongwe wa Barcelona kilikuwa ghorofa ya nne, na lifti haikuwepo. Tangazo lilisema "ngazi chache". Dada alizihesabu: 82. Goti lake la kulia limechakaa, anatembelea fimbo, na kila penye kona ya ngazi alisimama akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelijenga lile jengo. Juu tulikuta dirisha moja. Nikalifungua kwa furaha, na mbele yangu, karibu niuguse kwa mkono, ukuta. Lilifungukia kishimo chembamba cha kuingizia mwanga, na mwanga wenyewe ulikuwa umeishia kwa jirani wa juu. Chumba kilinuka unyevu. Usiku kifua kikaanza kupiga filimbi, nikawa napapasa gizani kutafuta pampu yangu ya pumu.

"Mdogo wangu," Dada akasema kutoka kitanda cha pili, "si ulisema tunakwenda kuona mji uliojengwa kwa ajili ya afya?"

Nilisema, ndiyo. Ila tulikuwa tumelala upande wa mji ambao huo mwingine ulijengwa ili kuukimbia.

Hadi katikati ya karne ya 19 Barcelona yote ilikuwa imebanwa ndani ya kuta, na jeshi halikuruhusu mtu kujenga nje, kwenye eneo linalofikiwa na mizinga. Watu wakazidi kuongezeka, nyumba zikapanda juu na vichochoro vikabaki na upana uleule. Kipindupindu kilipoingia, kiliwakuta wamekaa bega kwa bega. Mwaka 1841 daktari mmoja, Pere Felip Monlau, aliandika kutaka kuta zibomolewe. Kazi ya kubomoa ilianza 1854, mwaka ambao kipindupindu kilirudi tena.

Asubuhi tulishuka zile ngazi (goti la Dada huchukia kushuka kuliko kupanda), tukapita vichochoro ambavyo jua huviona saa sita tu, tukatokea kwenye uwanja wa Plaça de Catalunya. Hapo mbingu inafunguka ghafla. Dada alisimama, akavuta pumzi, akauliza, "Hapa ndipo ukuta ulipokuwa?" Karibu na hapo. Mwili wake ulijua kabla sijafungua ramani.

Upande huo mpya unaitwa Eixample, na aliyeuchora ni mhandisi Ildefons Cerdà. Ninachompendea ni kwamba kabla ya kuchora alihesabu. Alichunguza jinsi wafanyakazi walivyoishi: nyumba zao, kipato chao, chakula chao, vifo vyao. Mpango wake ulipitishwa mwaka 1859: vitalu vya majengo vya mraba, karibu meta 113 kila upande, barabara za kawaida zenye upana wa meta 20, na pembe za kila kitalu zimekatwa ili njia panda iwe pana. Muhimu zaidi, majengo yakae pande mbili tu za kitalu, na katikati iwe bustani, ili kila nyumba ipate hewa mbele na nyuma.

Sasa tembea humo uitafute hiyo bustani. Pande mbili zikawa nne, majengo yakaongezwa ghorofa, na katikati pakajazwa karakana, maghala na baadaye maegesho ya magari. Ardhi ilikuwa na bei, hewa haikuwa nayo. Tulipanda mtaa wa Roger de Llúria tukapita milango mingi iliyofungwa, mpaka namba 56, penye njia nyembamba kama ushoroba inayopenya chini ya jengo. Tukaingia. Ndani kuna ua wenye miti, mnara wa matofali wa maji, na kidimbwi chenye kina kifupi ambamo watoto huchezea maji wakati wa kiangazi. Kelele za barabarani zilibaki mlangoni. Juu yetu palikuwa na madirisha ya nyuma ya watu, yote wazi, mwanamke mmoja anakung'uta shuka. Kwa dakika kama ishirini nikauona mji wa Cerdà jinsi alivyoutaka. Dada alikuwa amesinzia.

Hatua chache kutoka hapo ndipo ulipo mtaa wa Consell de Cent. Mwaka 2023 jiji lilikamilisha kuugeuza uwe wa watembea kwa miguu: lami imeondolewa, sakafu ni moja kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna ukingo wa kukanyaga kwa hofu, na miti imeongezwa. Gari la mkazi au la mzigo linaruhusiwa, lakini linatambaa nyuma ya watu. Mimi nilikuwa natazama miti, Dada alikuwa anahesabu mabenchi. "Hapa naweza kwenda hata mpaka mwisho," akasema, "kwa sababu najua nitakaa wapi." Nimesoma mengi juu ya mipango miji na sikuwahi kufikiri hivyo: kwa mwenye goti bovu, urefu wa safari ni umbali kutoka kiti hadi kiti.

Kisha nikafanya ujinga wa kutaka kulinganisha. Mtaa unaofuata, sambamba kabisa, ni Aragó. Tulipokunja kona sauti zetu zilimezwa, ikabidi Dada anipigie kelele sikioni. Magari yalitiririka, pikipiki zikipenya katikati. Kwenye taa za kuvukia kifua kilibana, pampu ikatoka tena mfukoni. Mpango uleule, mhandisi yuleyule, na kati ya mitaa hiyo miwili ni kitalu kimoja tu.

Watafiti wa hapohapo Barcelona walikadiria mwaka 2020 kwamba jiji likikamilisha mpango wake wa maeneo 503 yanayozuia magari ya wapita njia, vifo 667 vya mapema vingeepukwa kila mwaka, hasa kwa sababu ya hewa, kisha kelele, kisha joto. Si wote wanaofurahi. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani, na mwaka huohuo wa 2023 jaji aliamuru Consell de Cent irudishwe ilivyokuwa. Mimi niliikuta ipo, imejaa watoto. Wanaolalamika kwamba mtaa ukipendeza kodi za nyumba hupanda, hao nawaelewa zaidi.

Jioni tulifika hospitali ya zamani ya Sant Pau, iliyochorwa na Lluís Domènech i Montaner na kujengwa kati ya 1902 na 1930. Wagonjwa walihamia jengo jipya mwaka 2009, sasa ni watalii. Wodi zimetawanywa kama nyumba ndogo katikati ya bustani, zinaunganishwa na njia za chini ya ardhi. Kuta ni za vigae, kitu cha kusafishika. Kila wodi ina chumba cha duara cha wagonjwa kuota jua. Nikamsimulia Dada utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984, uliofanywa Pennsylvania: wagonjwa 23 waliopasuliwa kibofu cha nyongo waliolala mbele ya dirisha linalotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu chache, kuliko wenzao 23 waliotazama ukuta wa matofali.

Dada alinyamaza. Tuliporudi alipanda zile ngazi 82 bila neno, akafungua dirisha letu, akauangalia ukuta kwa muda.

"Hawa wenzao 23," akasema, "lifti walikuwa nayo?"

Kesho yake saa kumi na mbili nilimkuta amekwisha kuvaa, fimbo mkononi. Alikuwa anarudi kwenye mabenchi yake.