Utando wa zinki oksaidi: alumini peke yake haitoshi

Ushauri niliopewa kuliko mwingine wowote ni huu: ukitaka utando wa zinki oksaidi, yaani tabaka jembamba juu ya kioo, ugeuze joto kuwa umeme vizuri, ongeza alumini. Kama bado haujakuridhisha, ongeza tena. Ushauri huo unakera, maana unapoteza kemikali za watu. Mimi hapa Kigoma nilipata utando wa maana baada ya kuacha kuufuata.

Pasha moto upande mmoja wa zinki oksaidi, mwingine uache baridi: elektroni zinakimbilia kwenye baridi na voltiji inatokea, na joto kuzaa umeme hivi ni jambo ambalo mwanafizikia Seebeck aliliona kwenye metali mwaka 1821. Zinki oksaidi tupu inatoa voltiji nzuri sana, ila ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, ni mkubwa mno. Atomu ya alumini ikikaa kwenye nafasi ya zinki inaleta elektroni moja ya ziada, ukinzani unashuka. Lakini elektroni zikiwa nyingi, voltiji nayo inashuka, na nguvu unayovuna inatokana na voltiji ikizidishwa kwa yenyewe, kisha igawanywe kwa ukinzani. Mtafiti Ohtaki na wenzake kule Japani, mwaka 1996, walisifika kwa vipande vyenye alumini kama asilimia 2 tu. Ukizidisha sana, alumini inakosa nafasi ndani ya fuwele, inajazana kwenye mipaka ya punje, zile fuwele ndogondogo zinazounda utando, na kuziba njia.

Kuna aliyeniambia kemikali za dukani ni kupoteza hela, shabu ya sokoni inatosha kwa kuwa ina alumini. Kweli inayo. Nikaisaga, nikaichuja mpaka maji yakawa meupe pe, nikachanganya na myeyusho wa zinki na kupuliza kwenye kioo cha moto. Kioo kilivyopoa nikapitisha kidole: unga mweupe ukabaki kidoleni kama wa chaki, na mita haikusoma chochote. Shabu ina potasiamu na salfeti pia. Potasiamu ikikaa kwenye nafasi ya zinki inapunguza elektroni zilezile ambazo alumini imezileta, na salfeti yake haiungui kwa nyuzi 400 za kioo hicho. Inabaki imekwama katikati ya punje. Kwa hiyo shabu muachie kinyozi. Nitreti ya alumini niliagiza Dar, ikaja na basi. Pamoja na nauli ya mzigo haikufika elfu hamsini, na kachupa kale bado kanatumika.

Zinki yenyewe ni unga wa zinki oksaidi ulioyeyushwa kwenye siki nyeupe. Myeyusho ukianza kufanya ukungu, ongeza matone ya siki, utatakata.

Kupuliza ndiko kulikonifundisha kwamba punje zina umuhimu kuliko kipimo cha alumini. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema upulize mfululizo hadi myeyusho uishe. Fundi rangi mmoja wa Mwanga, hapahapa Kigoma, aliyeniazima kompresa yake, alitazama kidogo akasema, “Mwalimu, unalilowesha hilo. Hata gari ukilipuliza hivyo rangi inatiririka. Piga, acha, piga.” Alikuwa sahihi kabisa. Ukipuliza mfululizo kioo kinapoa, matone yanatua yakiwa mabichi, na utando unatoka wa ungaunga wenye vitundu. Ukipiga kidogo na kusubiri kioo kirudi kwenye joto lake, punje zinashikana, na utando unakuwa mwangavu wenye rangi za upinde kama mafuta juu ya maji. Myeyusho ni uleule, alumini ni ileile, lakini ukinzani ulikuwa chini sana.

Nilipopima, upande wa moto nyuzi kama 50 juu ya ule wa baridi, mita ilisoma karibu milivolti 4, upande wa moto ukiwa chanya. Hapo unajua wanaosafiri ni elektroni. Kihisi cha joto kiguse palepale waya unapogusa. Kikiwa pembeni, hesabu yote ni ya uongo.

Sasa ujanja ninaojivunia. Utando uliotengenezwa hewani unashika oksijeni kwenye mipaka ya punje, na oksijeni hiyo inanasa elektroni, kila mpaka unakuwa kama kizuizi cha barabarani. Nilichukua kopo la maziwa, nikafukia kioo ndani ya mkaa uliosagwa, nikafunika na kuliweka kwenye jiko nje ya nyumba. Nje, kwa sababu hewa inayotoka humo inaua. Mkaa unakula oksijeni. Ukinzani ulishuka sana, na voltiji ikapungua kidogo tu, bila kuongeza hata tone la alumini. Kopo usilifungue likiwa bado la moto. Hewa ikiingia, oksijeni inarudi mipakani na ukinzani unapanda tena. Liache lilale mpaka asubuhi.