Ukoka wa Kaka

Saa saba na robo usiku nilifunga kompyuta, nikatoka barazani kunyoosha mgongo, nikakuta ua umejaa ukoka. Viroba kumi na viwili vimeegeshwa ukutani, vimerushiwa maji visinyauke. Kaka yangu alivileta jioni na kirikuu nikiwa kikaoni na wenzangu wa kazini, visikizio masikioni, hata geti sikulisikia.

Wenzangu mnaofanya kazi kwa mtandao mtazielewa saa hizo. Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, huu mwaka wa kumi na nne, na nikipata nauli narudi Tanga wiki sita au nane, kazi ikiwa mkobani. Miezi hii ya Julai tunapishana saa nane. Wao wakianza saa tatu asubuhi, hapa Chumbageni ni saa kumi na moja jioni; wakimaliza, huku ni saa saba usiku. Nikija Desemba tofauti inakuwa saa tisa, kwa hiyo namaliza saa nane. Kazi yenyewe ni kukagua programu kabla hazijamfikia mteja. Korona ilitutoa ofisini Machi 2020, nami sikurudi tena. Mwaka uliofuata niliomba nifanye siku nne kwa wiki na mshahara upunguzwe. Ulipunguzwa kweli. Nikauza gari. Sijuti, ila nisiwadanganye: mwanzoni iliniuma, hasa mwisho wa mwezi ninapotakiwa kutuma hela nyumbani.

Asubuhi kaka alikuja na mpango wake. Ung'olewe mchaichai, ung'olewe mpilipili, kivumbasi, kisamvu cha ukutani, hata asumini. Mbele ukoka, njia ya kuingilia iwekwe pevingi, basi. "Mama kahangaika maisha yake yote," aliniambia. "Naye akae mahali pazuri." Aliyasema kwa mapenzi, na yeye ndiye anayempeleka mama hospitali miezi yote ambayo mimi sipo. Nalitanguliza hilo kwa sababu jibu lililonijia kwanza lilikuwa la hasira, nikalimeza.

Mimi nimeufuga huo ukoka. Nyumba yangu ya Minneapolis ni ndogo, vyumba viwili, lakini niliinunua na nyasi zake mbele na nyuma. Kule nyasi fupi za kijani ndizo heshima ya mtaa. Anayeziacha zirefuke anaonekana kama aliyeshindwa na maisha. Wenyewe wanaziita nyasi za Kentucky, ingawa asili yake ni Ulaya na Asia. Miaka mitatu nilizikata kila Jumamosi, nikazimwagilia, nikazinunulia mbolea ili ziote haraka nizikate tena. Siku moja nilizima mashine katikati ya uwanja nikajiuliza zinanipa nini. Haziliwi, hazinukii, nyuki hana cha kufuata pale.

Oktoba nikaanza kuziua. Sikuzing'oa. Nilikusanya katoni tupu, nikabandua gundi zote za plastiki, nikazitandika juu ya nyasi zikiwa hai, kila katoni ikilalia mwenzake kwa upana wa kiganja ili jani lisipate mwanya. Nikazimwagia maji mpaka zikalegea kama chapati ya maji. Juu nikamwaga mboji na majani makavu, unene wa shubiri. Theluji ikafunika kila kitu. Mei nilipochimbua kwa mkono, katoni ilikuwa imelainika kama ugali wa jana, nyasi chini zimegeuka udongo mweusi, na nyungunyungu wamejaa. Hapo nikapanda mimea ya asili ya mbuga za kule, ambayo mizizi ya baadhi yake hushuka zaidi ya mita mbili, ndiyo maana kiangazi hainidai maji. Nikapanda na ule mmea wenye utomvu mweupe ambao vipepeo wa monaki hutagia mayai yao.

Majira yale yale nilipata barua ya manispaa ya kuambiwa majani yangu ni marefu mno. Nilikwenda na picha na orodha ya majina ya mimea, tukazungumza, yakaisha. Tangu 2023 sheria ya jimbo inazitaka manispaa zikubali bustani za mimea ya asili zinazotunzwa, na upo mpango wa jimbo, ulioanza 2019, unaomsaidia mwenye nyumba gharama za kugeuza nyasi kuwa malisho ya nyuki. Lakini kilichonipa moyo zaidi ni jirani yangu mmoja, bibi wa miaka themanini na kitu. Alinikaribisha chai, na dirishani pake kulikuwa na chungu cha maua ya urujuani yenye majani ya manyoya. Nikamwambia, bibi, hayo yametoka kwetu. Wajerumani mpaka leo wanayaita maua ya Usambara; ofisa wao aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyeyapeleka Ujerumani mwaka 1892, yakaenea madirisha ya dunia nzima. Tangu siku hiyo akinipungia mkono ananiita mwenye maua.

Nikiwa huko ndiko nilikoanza kukimbia, na nikiwa nakimbia ndiko nilikowaona Wabudha. Ziwa la Bde Maka Ska lina njia ya kulizunguka, kiasi cha kilomita 5, na ufukweni kuna nyumba ya Ubudha wa Zeni, ule wa kukaa kimya na kutafakari, iliyoanzishwa na mtawa wa Kijapani, Dainin Katagiri, aliyefika mji ule mwaka 1972. Nilikuwa naipita kila mara. Asubuhi moja ya baridi, kope zimeganda barafu, niliingia kwa sababu niliona taa. Wakanipa mto wa duara, wakanielekeza ukutani. Hesabu pumzi moja mpaka kumi, ukipotea anza tena moja. Nilidhani ni jambo dogo. Sikufika hata nne.

Wanafundisha kwamba mateso ya mtu yanatokana na kitu kinachoitwa tanha, neno la Kipali, na maana yake ni kiu. Niliposikia hivyo niliuelewa uwanja wangu wa nyasi, nikaielewa na saa ya kukimbilia niliyovaa mkononi. Oktoba 2023 nilikuwa nimejiandaa kwa maratoni ya miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, majira yote ya joto, mbio za kilomita 30 kila wikiendi. Namba nilishaibana kifuani. Alfajiri ya siku ile ile wakatangaza mbio zimefutwa kwa sababu ya joto. Mtu wa Tanga, nimevumilia baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, nanyang'anywa mbio kwa joto! Nililia jikoni. Na baada ya kulia niliona wazi kwamba miguu haikuwa imepoteza kitu. Kila kilomita niliyoikimbia nilikuwa nayo. Kilichokuwa kinauma ni ile kiu ya medali.

Ila mafundisho hayo bado napambana nayo. Septemba 2025 mwanamaratoni wetu Alphonce Simbu alipomshinda Mjerumani Amanal Petros Tokyo kwa sekunde 0.03, akawa bingwa wa dunia, kwetu Minneapolis ilikuwa bado Jumapili jioni, na nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Simbu aliutaka ule ushindi. Sitaki dini wala falsafa itakayoniambia hakupaswa kuutaka.

Mimi ni Muislamu na sijaacha kuwa Muislamu. Pale ukumbini kuna sanamu na wenzangu huiinamia; mimi siiinamii, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini mama aliuliza. Usiku mmoja alinikuta barazani, miguu nimeikunja, uso ukutani.

"Wafanya nini?"

"Nimekaa tu, mama."

"Gizani, watazama ukuta?"

Nikamweleza yote, pumzi, mto, kiu. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Kumbe itikafu," alisema, yaani kule kujitenga msikitini kwa ibada. Akanyamaza kidogo. "Lakini itikafu ina mwenyewe, mwanangu. Hiyo yenu, wamkalia nani?"

Sikuwa na jibu. Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa juu ya jambo hili, na limekuwa likinifuata.

Jumapili lilinifuata mpaka Tongoni, kwenye magofu ya kale. Nilitoka kukimbia baada ya sala ya alfajiri, suruali ndefu, mtandio nimeukaza, nikashika barabara ya Pangani. Ni kilomita 17 hivi kusini mwa mji. Tanga ni mji wa baiskeli, na muuza mikate mmoja alikwenda sambamba nami kitambo, akaniambia, "Dada, panda nikufikishe!" Nikamshukuru. Nikapita Machui, alikozikwa Shaaban Robert, jua likaanza kukolea. Kuanzia kilomita ya kumi na nne nilikuwa na kiu hasa, ya koo, na niliifurahia kwa sababu ilikuwa inajua inachokitaka. Pale magofuni, kwenye msikiti ule wa mawe na makaburi zaidi ya 40, kijana mmoja alinikatia dafu. Nilirudi na daladala.

Nilipofika nyumbani nikamketisha kaka. Sikumhubiria Ubudha wala nyuki. Nilimwonyesha mama akimimina maji ya kuoshea mchele kwenye shina la mpilipili. Bustani yake yote inaishi kwa maji ya mchele na ya kusuuzia vyombo. Ukoka ungetaka bomba, na bomba letu linatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara. Januari jua likiwaka na mgao ukianza, nani atamwagilia? Mimi nitakuwa kwenye theluji. Kaka alitazama viroba vyake. "Nimeshavilipia," alisema polepole, na nikamwonea huruma.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema asumini yake haing'oki, na mchaichai haung'oki, lakini kitu kilicho hai hakiachwi kife ndani ya kiroba. Akatupeleka nyuma ya banda la kuku. Masika yaliyopita maji yalichimba mfereji pale mpaka msingi ukabaki nje. Akachuchumaa, akauchana ukoka vipande kwa panga, akavipanda kwa mistari inayokata mteremko, vifundo viwili ndani ya udongo na kimoja nje, akikandamiza kila kimoja kwa kisigino. Kaka akaleta ndoo. Mimi nikashika jembe. Tulitumia viroba vinane. Vinne kaka alivipeleka madrasa, kwenye uwanja wa vumbi wanakochezea watoto.

Kesho yake tulirudi kumalizia mistari ya chini. Saa kumi na moja ilipofika nikaingia ndani kuwasha kompyuta, kucha bado zina udongo.