Darumeti za Sitaha ya Tezi

Mwaka 2018 mti ulikuwa adimu Lamu. Tangu Februari serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji wa miti misituni, mikoko ikiwamo, na vijana wengi waliozoea kuishi kwa kukata boriti za mikoko walishinda vibarazani. Ndipo sitaha ya tezi, yaani ya nyuma, ya jahazi la ami ikaanza kulegea. Nahodha akikanyaga karibu na msukani, ubao unabonyea.

Ami akangoja bamvua, maji makuu. Maji yalipojaa tukalisogeza jahazi mpaka juu pale kijijini Matondoni, yalipotoka likabaki limeegemea magadi, yale magogo ya kukitegemeza chombo. Nia yake ilikuwa kubadilisha mbao chache za juu, basi, arudi kupakia mawe na saruji kabla kaskazi haijashika.

Fundi, mtu mzima aliyelelewa katika kazi ya vyombo, hakujibu kitu. Aliingia chini ya sitaha na nyundo, mimi nyuma yake nikimulika tochi. Akawa anagonga darumeti moja moja, zile boriti zinazolala kwa upana wa chombo na kuibeba sitaha. Mti mzima unalia wazi. Tulipofika nyuma, karibu na fashini, ule mti wa mwisho wa chombo, sauti ikafa. Akachomoa kisu, akakiweka kando ya msumari, akakisukuma kwa kidole gumba tu. Kiliingia mpaka mpinini. Kilipotoka kilitoka na unga mwekundu wenye unyevu, na msumari wenyewe kutu ilikuwa imeula hadi ukawa mwembamba kama sindano. Ubao uliokuwa juu ya mti huo ulikuwa mzima, bado una rangi nzuri. Aliyetengeneza kabla yake alipigilia mbao mpya juu ya uozo.

“Mwite ami yako,” akaniambia.

Ami alikuja, akainama, akaangalia. “Sasa fundi, msimu si huu umefika? Tutie mbao, darumeti tuziache mwakani.”

“Bwana, msumari wangu utashika nini hapa?”

Akamweleza taratibu. Maji ya chumvi si ndiyo yanayouozesha mti. Kinachouoza ni maji ya mvua. Masika yanatua juu ya sitaha, yanapenya kwenye matundu ya misumari, yanalala kati ya ubao na darumeti, mahali upepo haufiki. Huko ndiko uozo unakoanzia, na mwenye chombo haoni kitu.

Ami alinyamaza kitambo. “Haya, fungua.”

Nilimpenda sana ami kwa neno lile. Gharama iliongezeka mara moja, na kila siku chombo kinapokaa mchangani mabaharia hawana kitu. Lakini watu wanasimama juu ya sitaha ile usiku, bahari imechafuka, na wanamtegemea yeye.

Mti tuliupata kwa jamaa aliyekuwa ameweka mbambakofi kavu kwa ajili ya milango. Kukauka kwake kulikuwa bahati kubwa, maana mti mbichi hunywea baadaye na viungo vikaachia. Mbao za juu ziling’olewa zote. Darumeti fundi alikataa kabisa kuzing’oa kwa pamoja: ukiziondoa zote, mbavu za chombo zinafunguka, na hakuna atakayezirudisha. Alitoa moja, akailaza juu ya mti mpya, akachora, akachonga kwa tezo akiacha mgongo mdogo katikati ili mvua iteremke pembeni. Ikishaingia na kukaa sawasawa kwenye mataruma, zile mbavu, ndipo anagusa inayofuata. Vichwa vya kila darumeti alivinywesha sifa, yaani mafuta ya papa, mara kwa mara, kwani maji huingilia hapo haraka kuliko ubavuni. Misumari ilikuwa ya chuma kilichopakwa zinki, na kila tundu lilitobolewa kwa keekee kwanza mti usipasuke.

Kupigilia mbao na kukalafati, yaani kuziba nafasi kati yake kwa pamba, kulikwenda upesi. Bamvua iliyofuata ilitukuta hatujamaliza, tukangoja nyingine.

Karibu na fashini, pale palipooza, fundi hakupigilia. Alitengeneza kifuniko cha kuinua kwa mkono, na ami akamwongezea ujira bila kubishana. Masika yakiisha, mtu huingia humo na tochi akagonga darumeti zote. Ami humpa kazi hiyo baharia mgeni, kabla hajamruhusu kushika msukani.