Namba sita nilizitaja kwa mdomo wangu

Siku hiyo nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, napimisha magunia ya dagaa. Jicho moja kwenye mzani, simu nimeibana kwa bega. Aliyepiga alikuwa na adabu zake: "Shikamoo mama." Akasema yuko kitengo cha usalama cha barua pepe, kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yangu, na ili amzuie nimsomee namba sita zilizoingia kwenye meseji muda huo huo. Nikamsomea. Moja moja, tena kwa sauti ya juu, maana wapakizi walikuwa wanapiga kelele.

Mimi ndiye niliyekuwa nawacheka watu wanaoliwa na "ile hela tuma kwenye namba hii".

Jioni mteja wangu wa kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, aliye Goma akanipigia kuuliza kwa nini nimebadilisha akaunti ya benki. Sikuwa nimebadilisha chochote. Mtu alikuwa ameingia kwenye barua pepe yangu, akasoma mazungumzo yetu ya miezi, kisha akamtumia ankara yenye akaunti nyingine. Mungu saidia, yule baba ni wa kizamani, halipi mpaka asikie sauti.

Mdogo wangu ni fundi simu pale Makoroboi. Alinisaidia kuirudisha akaunti, tukabadilisha paswedi, na sikuambulia pole. "Dada, tatizo si paswedi. Tatizo ni kwamba kitu chako cha siri kinatamkika." Namba ikitamkika, siku moja utaitamka, kwa uchovu au kwa kudanganywa. Akaniambia ninunue ufunguo wa usalama, ule wa kugusisha kwenye simu.

Nilidhani ananiuzia kitu. Kumbe hakuwa nao. Binamu yetu aliyekuwa anatoka Nairobi ndiye aliyetuletea viwili, kila kimoja chini kidogo ya dola 30. Ni kiplastiki cheusi, chembamba, hakizidi kidole gumba, kina tundu la kutia pete ya funguo na ncha ya USB-C. Betri hakina. Ukikiweka karibu na simu, mawimbi ya NFC ya simu yenyewe, yale ya masafa mafupi ya kugusisha, ndiyo yanayokipa umeme kwa hizo sekunde mbili tatu, kama ile kadi ya N-Card ya kivuko cha Kigamboni.

Kilichonifanya nikubali ni jinsi kinavyofanya kazi. Ukikisajili kwenye tovuti, kinatengeneza siri ya tovuti ile peke yake, na siri hiyo haitoki ndani ya kiplastiki. Ukitaka kuingia, simu inakiambia ufunguo anwani halisi ya ukurasa uliofunguka. Mwizi akitengeneza ukurasa unaofanana na wa kweli mpaka rangi, lakini anwani imepishana herufi moja, ufunguo hauna jibu la kumpa. Mimi naweza kudanganyika, wenyewe hauangalii sura. Mwaka 2018 Google walisema wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 walikuwa wanatumia funguo za namna hii tangu mwanzoni mwa 2017, na hakuna akaunti hata moja ya kazini iliyotekwa kwa udanganyifu wa aina hiyo.

Kusajili tulifanya kwenye laptopu ya mdogo wangu, dakika chache tu. Shida ilianza niliporudi nyumbani na Samsung yangu.

Simu inaniambia nigusishe ufunguo mgongoni. Nagusisha. Kimya. Nahamisha juu karibu na kamera, kimya. Nasugua kama mtu anayekwangua vocha, kimya. Nikaingia kwenye mipangilio, NFC imewashwa. Nikampigia fundi wangu.

"Dada, kioo kinawaka?"

"Kinawaka."

"Una kava?"

"La kawaida, la mpira."

"Livue."

Nikalivua. Ndani ya kava, katikati kabisa, kulikuwa na kibati cha duara nilichobandika mwenyewe mwaka uliopita ili simu inate kwenye kishikio cha sumaku ndani ya gari. Chuma kinaziba mawimbi yale, na NFC yenyewe haivuki hata sentimita nne. Nilipokibandua na kuuweka ufunguo katikati ya mgongo, nikatulia bila kusugua, simu ikatetemeka mara moja na barua pepe ikafunguka. Nusu saa nzima nilikuwa napambana na bati la shilingi mia tano.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kila simu ina sehemu yake. Ya shemeji yangu ni iPhone, na pale antena iko juu kabisa, kwenye ukingo wa kichwa, kwa hiyo ukihangaika katikati ya mgongo utakesha. iPhone zilianza kukubali funguo hizi kwenye kivinjari chake cha Safari kuanzia toleo la iOS 13.3, mwishoni mwa 2019. Na akaunti ya Apple yenyewe, ukitaka kuilinda hivyo, inadai usajili funguo mbili au zaidi. Wamefanya vizuri kulazimisha. Simu nyingi za bei nafuu tunazouziana hapa mjini hazina NFC kabisa, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Kishikwambi cha dukani nacho kilinipa somo. Ni iPad, na nilikizungusha pande zote nikitafuta pa kugusisha mpaka binti wa dukani akaanza kucheka. iPad haina kisomaji cha NFC. Pale unachomeka ile ncha ya USB-C kwenye tundu la chaji, unagusa kitufe cha ufunguo kwa kidole, basi. Ndiyo maana nashukuru binamu alileta zenye njia zote mbili.

Kuna jambo ambalo ningelisahau kama si mdogo wangu kunibana: kuweka ufunguo na kuacha njia ya meseji wazi ni kufunga mlango wa mbele ukaacha wa uani. Mwizi atabonyeza "jaribu njia nyingine" na kuomba namba sita zile zile. Tuliondoa meseji, tukaandika zile namba za akiba, za kuingilia ufunguo ukipotea, kwenye karatasi, na karatasi haikai na simu.

Ubaya wake? Upo. Kuna wiki nilivuka kwenda Nansio, Ukerewe, kufuatilia dagaa, ufunguo umening'inia kwenye funguo za ghala ndani ya mkoba wangu. Kishikwambi kikajitoa kwenye akaunti, binti yuko Kirumba na oda inasubiri. Zamani ningemsomea namba kwa simu, dakika moja. Safari hii hakukuwa na cha kusoma. Tulipoteza siku, na nilikasirika kweli. Niliporudi nikaagiza wa tatu, wa kwake, na akiacha kazi naufuta kwenye orodha.

Pesa za simu hazihusiki na haya, huko bado ni namba ya siri na akili yako mwenyewe. Ufunguo nimeuweka kwenye barua pepe na ukurasa wa biashara, maana ndiko kulikovunjwa.

Wangu umeshadondokea kwenye ndoo ya maji ya kuoshea sangara. Niliufuta kwa kanga, nikaugusisha, ukakubali. Harufu ndiyo ilichukua siku mbili kutoka.

Wa pili uko kwa mama, Igoma. Nilipompelekea aliugeuza geuza akauliza ni wa mlango gani. Nikamwambia wa barua. Akaufunga kwenye kitambaa pamoja na hati ya kiwanja, akatia sandukuni, na kila nikienda ananiuliza kama ile barua imeshafunguliwa.