Jinsi nilivyoondoa michirizi na ukungu wa waksi kwenye gari jeusi

Rangi nyeusi haifichi kitu. Kila gari langu lilipopigwa waksi kwa mashine, boneti ilibaki na ukungu mweupe, na jua likiwaka unaona michirizi ya duara kama utando wa buibui.

Dawa ilikuwa kutenganisha kazi mbili. Michirizi ile ni mikwaruzo midogo, na waksi haiikati, inaifunika tu kwa muda. Inayoikata ni polishi, dawa yenye chembe laini zinazosugua rangi, na hapo mkono hauiwezi mashine. Nilichagua ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikiyumba. Inayozunguka tu hupasha rangi moto sehemu moja, hasa kwenye kingo.

Waksi nikapaka kwa mkono. Ilikuwa ya kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya minazi huko Brazil. Ni ngumu kweli, kwa hiyo ukiipaka nene inakataa kufutika, na ukungu unatokea hapo. Gari liwe kivulini, boneti ipoe. Sponji iwe na unyevu kidogo, tabaka jembamba hadi ulione kwa shida. Kisha pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, imekauka. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, ukikigeuza mara kwa mara.

Paa la gari kubwa ningelipaka hata kwa mashine, mwendo wa chini. Lakini kwenye vitasa na karibu na plastiki nyeusi, vidole vinafika pazuri zaidi, na plastiki haibaki na madoa meupe.