Rangi ya unga, singa za mkonge na watoto wa chekechea maktabani

Darasa la sanaa la watoto wadogo likiharibika, mara nyingi limeanza kuharibikia kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Mtoto wa miaka minne hapaki rangi mara moja akaacha. Anarudi palepale mara ya tano, mara ya kumi, na brashi imelowa chapachapa. Karatasi inavimba, inatoa manyuzi, inatoboka, na mtoto anaangua kilio kwamba ameharibu. Hajaharibu yeye, ameharibu aliyempa karatasi ile. Nunua manila. Manila moja kubwa hutoa vipande vinne vya kupakia rangi, hivyo watoto 12 wenye kazi mbili kila mmoja wanahitaji manila sita. Za fotokopi zibaki kwa krayoni.

Idadi nayo isipite hapo. Watoto 12 na watu wazima watatu, yaani mmoja kwa watoto wanne, ndiyo kiwango ambacho mtu anaweza kuona kila mkono unafanya nini. Wakifika 20 darasa linageuka kazi ya kulinda ndoo.

Maktaba nyingi za umma hazikujengwa kwa ajili ya rangi na maji. Hapa Tanga, kama kwingine nchini, maktaba ya mkoa iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa hiyo ongea na mkutubi mapema na umweleze bila kuficha kwamba kutakuwa na maji na kutakuwa na kelele. Akijua, atakusaidia kuchagua kona. Akishtukizwa, atakufungia mlango, na atakuwa na haki.

Kona iwe hatua sita au zaidi kutoka kwenye rafu. Tandika nailoni nene sakafuni na watoto wafanyie kazi hapo chini. Meza za maktaba zimetengenezwa kwa wanafunzi wakubwa. Mtoto wa miaka mitatu akikaa kwenye kiti chake kidevu kinagusana na ubao, mkono mzima uko juu, na baada ya dakika tano bega limechoka. Akiwa chini anachuchumaa, anapiga magoti, analala kifudifudi, anajipangia mwenyewe. Kama hakuna sinki karibu, weka ndoo mbili za lita 20: moja yenye koki juu ya kiti kwa maji safi, nyingine chini yake kupokea machafu. Chana kanga kuukuu vipande 12 vya kufutia mikono. Fulana kuukuu za watu wazima, zikivaliwa mbele nyuma, hufunika nguo mpaka magotini.

Saa tatu na nusu asubuhi ya Jumamosi ni wakati mzuri, kabla joto halijakolea. Angalia kalenda ya mitihani. Novemba wanafunzi wa kidato cha nne wanahitaji kila kiti na kila dakika ya ukimya. Wakati huo hamia barazani. Ila barazani kuna upepo wa bahari, na jiwe juu ya karatasi halitoshi kwa sababu mtoto atalihamisha. Bandika kila kipande sakafuni kwa selotepu ya karatasi kwenye pembe zote nne. Kipindi cha masika picha hazikauki upesi, hivyo wekeni kamba na vibanio vya nguo na mkubaliane na wazazi kwamba kazi za rangi zitachukuliwa wiki inayofuata.

Rangi. Zile za dukani za vidonge vigumu kwenye kisanduku hazimfai mtoto wa umri huu. Anasugua kidonge kwa nguvu, brashi inafumuka, na rangi inayotoka ni hafifu. Rangi ya kupika jikoni ni bora na ni rahisi. Kikombe kimoja cha unga wa ngano, koroga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yote yaishe. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanamimina unga kwenye maji ya moto, madonge yanaiva kwa nje na kubaki mabichi ndani, na hayatoki tena. Mchanganyiko ukishakuwa laini, mimina vikombe viwili vya maji yanayochemka huku unakoroga, rudisha kwenye moto mdogo dakika tatu au nne mpaka ung'ae kidogo. Tia vijiko viwili vya chai vya chumvi. Ukipoa uwe na uzito wa uji wa mgonjwa, unaoshika kijiko lakini unadondoka. Ukiwa mzito zaidi, rangi inakaa juu ya karatasi kama ganda na ikikauka inapukutika. Gawanya kwenye visosa, kisha tia rangi ya chakula kidogo kidogo. Usitumie trei za mayai za karatasi kuwekea. Zinafyonza na kulainika kabla kipindi hakijaisha.

Pika Ijumaa jioni. Kwa joto letu, rangi ya unga iliyoachwa mezani huchacha, na chumvi inachelewesha tu. Ikianza kunuka uchachu, mwaga, usijaribu kuichemsha upya. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto anayedhuriwa na ngano. Na ingawa kila kilichomo kinalika, msiwaambie watoto hivyo, maana watajaza mikono mdomoni.

Toa rangi mbili tu kwa kipindi. Ukiweka nyekundu, njano na bluu pamoja, ndani ya robo saa visosa vyote vina rangi ya tope, kwa sababu rangi hizo tatu zikikutana huzimana. Njano na bluu pekee haziwezi kukosea: popote zinapogusana kuna kijani. Mtoto anaiona ikizaliwa chini ya brashi yake, na hakuna haja ya kumweleza chochote. Wiki ya pili njano na nyekundu, apate rangi ya chungwa. Wiki ya tatu nyekundu na bluu, na hapa tahadhari: bluu iwe kidogo sana, la sivyo zambarau inakuwa nyeusi. Binzari hutoa njano nzuri ya bure kutoka jikoni, lakini hufifia haraka juani, na ikigusa nguo nyeupe mama atakukumbuka muda mrefu.

Kwa upande wa brashi, Tanga hatuna sababu ya kulalamika. Mkonge uliingia Pangani mwaka 1893 na mkoa mzima ukawa shamba lake. Singa zake ni ngumu, ndefu na hazikatiki. Chukua kishungi cha singa kinene kama kalamu ya risasi, urefu wa sentimita kumi. Kiloweshe usiku kucha, kisha kigonge ncha juu ya jiwe kwa kipande cha mti mpaka singa zigawanyike na kulainika. Usipogonga, brashi inakwangua rangi badala ya kuiacha, na karatasi inabaki na michirizi mikavu. Kunja kishungi katikati juu ya kijiti chenye unene wa kidole gumba cha mtoto, funga kwa uzi mizunguko 15, kaza, kisha kata ncha zilingane. Kijiti kisizidi sentimita 15. Mpini mrefu humchokonoa jirani jichoni, na watoto wakikaa karibu hilo hutokea kweli.

Unene wa mpini si urembo. Mtoto wa miaka mitatu bado anashika kwa ngumi, na kitu chembamba kinamponyoka. Kwa krayoni fanya kinyume chake: ivunje vipande vya sentimita tatu. Kipande kifupi hakiingii kwenye ngumi, kwa hiyo vidole vitatu vinalazimika kukishika vyenyewe, bila mtu kumrekebisha mkono. Wazazi wakiona krayoni mpya zinavunjwa wanasikitika, basi waelezeni sababu kabla.

Siku ambazo hamna rangi ya kupika, okoteni majani ya mti wa mkungu. Jani moja ni pana kama uso wa mtoto na mishipa yake imetokeza sana. Lilazwe upande wa chini ukiangalia juu, karatasi ya fotokopi juu yake, krayoni iliyovuliwa gamba ilazwe ubavu na kusuguliwa. Mishipa inajitokeza mmoja mmoja. Likiwa bichi sana linateleza na kutoa maji, likiwa kavu linavunjika. Linalofaa ni lililoanguka leo, ambalo tayari ni jekundu lakini bado linakunjika. Bandika kikonyo chake sakafuni kwa selotepu, kwani jani likisogea mara moja tu picha inakuwa ukungu.

Bamia nayo ni muhuri mzuri: ukiikata kwa upana unapata nyota. Kuna wazee hawapendi chakula kichezewe, na wana hoja. Waulize wauzaji wa Soko la Mgandini zile zilizokomaa ambazo hakuna atakayezipika. Ndizo zinazofaa zaidi kwa kazi hii, kwa vile ni ngumu na utelezi wake umepungua. Kata saa moja kabla na uzifute kwa kitambaa. Zikichovywa mbichi na utelezi wake, nyota inatoka doa.

Sasa jambo ambalo ni gumu kuliko unga na singa. Mtoto anakuja na karatasi tupu, anasema, "Anti, nichoree samaki." Mkono wako unataka kuchora. Usichore. Ukichora, ataangalia samaki wako, ataangalia wa kwake, na wiki ijayo hatajaribu. Muulize samaki aliyemwona nyumbani alikuwa na macho wapi, mkia ulikuwaje, alikuwa mnene au mwembamba. Atachora duara na vijiti viwili. Huyo ndiye samaki. Kati ya miaka miwili na mitatu mtoto huchora misokoto tu. Karibu na miaka mitatu duara linafunga. Karibu na minne duara linaota macho na miguu inatoka moja kwa moja kichwani, bila kiwiliwili. Yule anayetoa miguu kichwani hajakosea hata kidogo.

Wenye papara zaidi ni wazazi. Mama anakaa nyuma ya mwanawe, dakika tano zikipita anashika mkono wa mtoto na kuuongoza. "Mwalimu, huyu hajui, msaidie kidogo picha itoke." Jibu kwa upole: "Mama, mwache kwanza, anajua anachofanya." Kinachosaidia zaidi kuliko maneno ni kumpa mama karatasi yake na brashi yake. Akishughulika na ya kwake, mkono wake unaondoka kwenye ya mtoto. Wengine huganda mbele ya karatasi tupu kama watoto walivyoganda, na baada ya hapo hawasemi tena kwamba mtoto hajui.

Picha ikikamilika usiulize "hii ni nini?" Ni swali linalomwambia mtoto kwamba haieleweki. Sema "nieleze," ukae kimya. Baiskeli ya babu inaweza kuwa ni mstari mmoja mrefu unaozunguka karatasi nzima, kwa sababu ndiyo njia baiskeli iliyopita. Andika maneno yake nyuma kwa penseli pamoja na jina na tarehe. Jina liandikwe kabla ya kuanza, kwa sababu picha 12 za njano na bluu zilizolowa zinafanana sana, na mtoto aliyepewa ya mwenzake anajua papo hapo.

Kitabu kitangulie rangi. Dakika kumi za kusoma, picha kubwa, kitabu kimoja, kisha kirudi rafuni kabla kisosa chochote hakijafunguliwa. Rangi isizidi dakika 25. Vitabu vya kuazima vichaguliwe mwishoni kabisa, mikono ikiwa imeoshwa na kukauka. Mikono iliyooshwa tu bado inaacha alama kwenye kurasa, hivyo panga watoto wafute kwa kitambaa kikavu, wakuonyeshe viganja pande zote mbili, ndipo waende rafuni. Wakati wanachagua, mtu mzima mmoja akunje nailoni kuelekea ndani, rangi isimwagike sakafuni, na mwingine aoshe brashi. Hizi za mkonge zianikwe zikiwa zimelala. Ukizisimamisha kwenye kopo, maji yanateremka kwenye uzi, uzi unaoza, na baada ya wiki tatu singa zinaanza kutoka katikati ya picha.