Baruti ndani ya behewa

Ukisoma kwa makini kanuni za kusafirisha baruti kwa reli, utaona kwamba sehemu kubwa yake haizungumzii baruti. Inazungumzia sakafu ya behewa, misumari iliyochomoza, breki, beringi za magurudumu, mpangilio wa mabehewa na muda ambao mzigo unaruhusiwa kusimama stesheni. Baruti ya migodini iliyotengenezwa na kufungashwa vizuri ni bidhaa tulivu kuliko watu wengi wanavyodhani. Kinachoitia hatarini ni moto, mshtuko mkubwa na uzembe, na hayo matatu huletwa na treni na wanaoihudumia.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Dodoma kwa sababu ya mahali tulipo. Migodi mikubwa ya dhahabu iko Kanda ya Ziwa, bandari iko Dar es Salaam, na Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, inakatiza katikati ya mji wetu kabla ya kuelekea Manyoni, Tabora na Mwanza. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, yaani Sura ya 45, inataka vibali kwa anayeingiza, kuhifadhi au kusafirisha baruti, na Tume ya Madini inayosimamia eneo hilo ina makao makuu hapahapa jijini. Kwa hiyo mada hii si ya wachimbaji peke yao.

Kuhusu vibandiko sitasema mengi. Umoja wa Mataifa huziweka baruti zote katika Daraja la 1, kisha huzigawa kuanzia 1.1, ambayo shehena yake yote inaweza kulipuka kwa mara moja, hadi 1.6, ambayo ni ngumu mno kulipuka. Na kila aina hupewa herufi inayoonyesha inaweza kupakiwa pamoja na nini. Kibandiko cha rangi ya chungwa chenye picha ya mlipuko kinatakiwa kuonekana ubavuni mwa behewa. Hilo ndilo wengi hulikumbuka, nalo ni jepesi kulitimiza kuliko mengine yote, kwa sababu kubandika karatasi ni rahisi kuliko kufagia behewa.

Tukio linalonifanya niichukulie kanuni ya muda kuwa nzito kuliko kibandiko ni la Braamfontein, Johannesburg. Tarehe 19 Februari 1896 mabehewa yaliyobeba kati ya tani 50 na 60 za baruti ya jelatini, iliyokusudiwa kwa migodi ya dhahabu, yalilipuka katika yadi ya reli baada ya kugongwa wakati wa shantingi, yaani kupanga mabehewa. Mzigo huo ulikuwa umeachwa juani kwa zaidi ya siku tatu kwa kuwa stoo za migodi zilikuwa zimejaa. Shimo lililobaki lilikuwa na urefu wa mita 60, upana wa mita 50 na kina cha mita 8, na watu zaidi ya 70 walikufa, wengi wao wakiwa maskini waliokuwa wakiishi kando ya yadi. Angalia jinsi chanzo kilivyo cha kawaida: mpokeaji hakuwa na nafasi, mzigo ukasubiri, jua likaupiga, na mfanyakazi akaendelea na kazi yake ya kupanga mabehewa kama siku zote.

Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka behewa la bidhaa hatari liondolewe kuendelea na safari ndani ya saa 48 tangu lipokelewe, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na zinakataza behewa la baruti kali kusukumwa na kuachiwa liende lenyewe likagonge mengine. Kwa maoni yangu, hapa kwetu kanuni ya kusubiri ingepaswa kuwa kali zaidi, kwa kuwa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe husombwa na mafuriko mara kwa mara wakati wa masika, na njia ikikatika mabehewa hukwama popote yalipo. Kabla treni haijaondoka Dar es Salaam, mtu mmoja anatakiwa kuwa na jibu la maandishi: njia ikikatika, baruti italala wapi, na nani atailinda? Ulinzi nao una masharti yake. Katika stesheni ya Iri, Korea Kusini, mwezi Novemba 1977, mlinzi aliyeandamana na shehena iliyokuwa ikisubiri stesheni aliwasha mshumaa ndani ya behewa, na watu 59 wakafa. Taa ndani ya behewa la baruti iwe tochi ya betri peke yake, na anayekaa karibu nalo asiwe na kiberiti mfukoni wala pombe kichwani.

Turudi kwenye kufagia. Usiku wa tarehe 2 Juni 1944, treni ya mabehewa 51 iliyobeba mabomu ilikuwa ikikaribia mji mdogo wa Soham, Uingereza, dereva Benjamin Gimbert alipoona behewa la kwanza nyuma ya kichwa cha treni linawaka moto. Ndani yake mlikuwa na mabomu 44 ya ratili 500 kila moja. Alisimamisha treni polepole, akamtuma msaidizi wake, James Nightall, akate kiunganishi, kisha wakaondoka na lile behewa moja ili kuwaokoa wenyeji na mlipuko wa mabehewa 50 yaliyobaki. Lililipuka walipofika stesheni. Nightall alikufa papo hapo, na mshika ishara Frank Bridges akafa baadaye kwa majeraha, Gimbert alinusurika. Mji haukuangamia. Watu husimulia ushujaa wao, na wanastahili, lakini mimi huvutiwa zaidi na historia ya lile behewa: kabla ya mabomu lilikuwa limebeba unga wa salfa, na mabaki yake ndiyo yaliyodhaniwa kushika cheche. Kanuni za kimataifa za reli za Ulaya leo zinadai behewa lifagiliwe na kukaguliwa kabla ya kupakiwa baruti, lisiwe na kitu kilichochomoza ndani, na liwe na mabati ya kuzuia cheche chini ya sakafu. Sharti hilo la mabati linaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka Roseville, California, ambako mwezi Aprili 1973 mabomu ya kijeshi yaliendelea kulipuka yadini kwa saa nyingi. Hakuna aliyekufa, ila cheche za breki na sakafu ya mbao vilitiliwa shaka kubwa.

Breki, kwa mtu wa Dodoma, si neno la kusoma tu kitabuni. Tarehe 24 Juni 2002, katika eneo la Igandu, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo, na watu 281 walipoteza maisha. Hapakuhitajika baruti yoyote kusababisha msiba huo. Ukiongeza mpando wa kutoka Bahi kwenda Manyoni, ambako reli hupanda ukuta wa Bonde la Ufa, utaona kwa nini jaribio la breki kabla ya kuanza mlima, na tena baada ya kuongeza au kupunguza behewa lolote, si jambo la kuwaachia madereva waamue kwa mazoea. Behewa la baruti lenyewe huwekwa mbali na kichwa cha treni. Marekani hutaka lisiwe karibu zaidi ya nafasi ya sita iwapo urefu wa treni unaruhusu, na Ulaya hutaka pengo la mita 18 au zaidi kati yake na mabehewa yenye vitu vinavyowaka kama petroli.

Fataki, yaani vile vifaa vidogo vya kulipulia, husafirishwa zikiwa zimetengwa na baruti zinazokusudiwa kulipuliwa nazo, na hilo kila mchimbaji analijua. Kipya kwetu ni umeme. Treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, inatumia nyaya za kilovolti 25 zinazopita juu ya njia, na fataki za umeme zinaweza kuamshwa na mkondo uliopotea njia. Zibaki katika maboksi yake ya kiwandani, ncha za nyaya zake zikiwa zimeunganishwa, na zisifunguliwe wala kuhesabiwa moja moja chini ya nyaya hizo kwa sababu yoyote, hata kama karani anadai hesabu haikubaliani na hati.

Lipo jambo ambalo kanuni za behewa haziwezi kulitibu, nalo ni watu kukusanyika. Huko Neyshabur, Iran, Februari 2004, mabehewa yaliyojiondokea yakiwa na salfa, petroli, mbolea na pamba yalianguka na kuwaka; watu walipambana na moto kwa saa kadhaa huku zimamoto, viongozi na watazamaji wakiwa karibu, kisha shehena ikalipuka na kuua takribani watu 300. Shehena ile haikuandikwa baruti popote. Sisi tuna Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako watu walilizunguka lori la mafuta lililopinduka, na zaidi ya 100 wakafa. Mwongozo wa dharura unaotumika Marekani ya Kaskazini unasema moto ukilifikia behewa la baruti usizimwe, na watu waondolewe hadi mita 1,600 kila upande.

Pima mita hizo kutoka stesheni ya zamani ya Dodoma: Uwanja wa Nyerere umo ndani, na soko la Majengo limo ndani. Kwa sababu hiyo, naamini shehena ya baruti haipaswi kupangiwa kusimama pale hata kwa kubadilisha dereva. Ihumwa ingefaa zamani, lakini sasa ni jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Kigwe, upande wa magharibi, bado kuna nafasi. Na stesheni masta wa huko, zahanati iliyo karibu na kikosi cha zimamoto cha jiji wapewe taarifa ya aina na uzito wa mzigo kabla treni haijaondoka pwani, kwa maandishi, pamoja na jina la mtu mmoja wa kupigiwa simu usiku.